Rudolf Diesel: Mvumbuzi wa injini aliyetoweka baharini usiku

MTU anayesimama juu ya kuta za Ngome ya Yesu mjini Mombasa, akiuelekeza uso kwenye mlango wa bahari uingiao Bandari ya Zamani, husikia ngurumo kabla hajakiona chombo. Ni mashua na majahazi yaliyofungwa injini, yanayopita chini ya ngome bila kungoja kaskazi wala kusi. Upande wa barabara hupita malori na landrova kuukuu, nyingine zikiwa zimeundwa kabla madereva wake hawajazaliwa.

Vyombo hivyo vinaendeshwa kwa injini yenye jina la mtu mmoja. Jina lenyewe limezoeleka mno katika vituo vya mafuta hata wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilikuwa jina la ukoo, na kwamba mwenyewe hakuishi kuiona injini yake ikienea barabarani.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu ambaye baadaye alitengeneza bidhaa za ngozi, na kijana ndiye aliyetumwa kuzifikisha kwa wateja.

Maisha hayo yalivunjika mwaka wa 1870, vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London. Kwa kuwa riziki ilikuwa finyu, Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa peke yake hadi Augsburg kuishi na jamaa zake. Mwenyeji wake alikuwa mwalimu wa hisabati, na hapo ndipo kijana alipoamua kwamba atakuwa mhandisi.

Alisoma kwa ufadhili katika chuo cha ufundi cha Munich. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengenezea barafu. Katika mihadhara yake Diesel alijifunza jambo lililomkaa moyoni kwa miaka mingi: kwamba injini ya mvuke hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya joto la makaa inayoyachoma. Garimoshi zilizokuja kupanda bara kutoka Mombasa, baada ya ujenzi wa Reli ya Uganda kuanza mwaka wa 1896, zilikuwa za ukoo huohuo wa mashine zenye ulafi.

Homa ya matumbo ilimchelewesha kufanya mtihani wa mwisho. Alipoufanya, Januari 1880, alipata alama ambazo chuo hicho kilikuwa hakijapata kuzitoa. Linde alimwajiri katika kiwanda chake cha barafu cha Paris. Mwaka wa 1883 Diesel alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Miaka mingi ya ujana wake ilipotelea katika jaribio la kuunda injini ya mvuke wa amonia, ambayo haikufaulu. Mwaka wa 1890 alihamia Berlin.

Wazo lililomtajirisha linaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kujaza upepo kwenye gurudumu la baiskeli. Pampu hupata moto mkononi, kwa sababu hewa ikibanwa huchemka. Diesel alijiuliza itakuwaje hewa ikibanwa kwa nguvu nyingi ndani ya silinda hata ikawa na joto la kutosha kuwasha mafuta bila cheche wala kiberiti. Joto jingi lingegeuka kuwa kazi, na kidogo lingepotea na moshi.

Alipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, tarehe 23 Februari 1893. Mwaka huo ulikuwa wa 300 kamili tangu Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mizinga iliyowekwa kuilinda ngome hiyo na silinda ya Diesel ni ndugu wa mbali: vyote viwili ni bomba la chuma ambamo mlipuko husukuma kitu, ila mzinga hukitupa nje na injini hukirudisha. Haikuwa ajabu, basi, kwamba kampuni ya Krupp, iliyojulikana kwa mizinga yake, ilikuwa miongoni mwa waliomgharimia, pamoja na kiwanda cha mashine cha Augsburg.

Ni haki kusema kwamba nadharia aliyoiandika katika hati ile ilikuwa na kosa. Alidhani mafuta yangeweza kuungua ndani ya silinda bila joto kupanda. Injini ya namna hiyo isingepata nguvu hata za kujizungusha. Alilitambua kosa hilo baadaye, akaomba hati ya pili mwaka huohuo wa 1893, lakini hakupenda kulikiri hadharani, na wapinzani wake walilitumia kumsumbua hadi mwisho wa maisha yake.

Jaribio la kwanza lilifanyika Augsburg tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yaliwaka, na kwa kishindo kikubwa kipimo cha mgandamizo kikapasuka, vipande vyake vikiruka karibu na vichwa vya waliokuwapo. Injini haikuzunguka kwa nguvu zake, lakini Diesel aliondoka ameridhika, kwani alikuwa ameona kwamba hewa peke yake inaweza kuwasha mafuta.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijizungusha yenyewe kwa dakika moja. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja aliyekuwa kando ndiye aliyegundua kwanza kuwa mkanda wa kuizungushia hauivuti tena, bali unavutwa nayo. Hakusema neno. Alivua kofia yake.

Ilichukua miaka mingine mitatu kuifanya ifae kuuzwa. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi. Ilikuwa na kimo cha mita 3 na uzito wa tani 4 na nusu, na silinda yake moja ilikuwa na ujazo wa karibu lita 20. Ilitoa nguvu za farasi zipatazo 18 tu. Lakini iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo hakuna injini ya mvuke ya wakati huo iliyolikaribia.

Hapa ndipo palipo na jambo ambalo mafundi wa gereji za leo wangefurahi kulijua. Diesel alikuwa amejaribu pia kuibana hewa kwanza kabla haijaingia katika silinda, ili iingie nyingi zaidi na kuchoma mafuta mengi zaidi. Nguvu ziliongezeka. Hata hivyo, injini ilikula mafuta zaidi kwa kila kipimo cha kazi, na yeye alitafuta ubanaji wa mafuta kuliko nguvu. Akaiacha njia hiyo.

Wengine waliiokota. Mwaka wa 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya mashine inayotumia moshi utokao kwenye injini kuzungusha feni ya kushindilia hewa. Hiyo ndiyo turbo. Iliwachukua mafundi takribani miaka 20 kuifanya ifanye kazi kwa uhakika, na ilipofungwa katika injini za meli miaka ya 1920, nguvu ziliongezeka kwa zaidi ya theluthi bila silinda kukuzwa.

Kizuizi kingine kilikuwa njia ya kuingiza mafuta. Injini ya Diesel iliyapuliza kwa hewa ya kompresa, na kompresa hiyo ilikuwa nzito mno kwa gari. Yeye mwenyewe alihangaika na injini ndogo ya lori karibu na mwaka wa 1908, bila mafanikio. Dawa ilipatikana katika mikono ya wengine: Prosper L'Orange, aliyebuni mwaka wa 1909 chumba kidogo cha kuanzishia moto, na Robert Bosch, aliyeanza kutengeneza pampu za mafuta kwa wingi mwaka wa 1927.

Kutoka hapo ndipo dizeli ilipoweza kuingia porini. Land Rover, iliyozinduliwa mwaka wa 1948 ikitumia petroli, ilipata injini ya dizeli mwaka wa 1957. Ilikuwa ya lita 2, yenye nguvu za farasi 50 hivi, mara tatu ya zile za jitu la Augsburg kwa sehemu ya kumi ya ujazo. Hata hivyo madereva waliona ni nzito mlimani, na tamaa ya kuziongezea nguvu injini kuukuu haijaisha tangu hapo.

Njia rahisi ni kufungua skrubu ya pampu ili mafuta yazidi. Gari huitikia mara moja, lakini mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hutoka kama moshi mweusi, na joto hupanda hata pistoni zikayeyuka. Kwa hiyo fundi mwangalifu huongeza hewa kwanza, kwa turbo na kipoza hewa, ndipo aguse pampu. Hata hivyo kuna mpaka. Injini ya Toyota aina ya 1HZ, ya lita 4.2, ambayo Land Cruiser zimeitumia tangu mwaka wa 1990, haikuundwa na turbo. Ikifungwa turbo na kupewa mafuta bila kiasi, kichwa cha silinda hupata nyufa karibu na vile vyumba vidogo vya moto, urithi wa L'Orange. Ni mvutano uleule alioukabili Diesel kati ya nguvu na kiasi, ila yeye alichagua kiasi.

Mafanikio ya mwaka wa 1897 yalimletea fedha kwa kasi. Adolphus Busch, mfanyabiashara wa pombe wa Marekani, alilipa mark milioni moja kwa haki ya kuitengeneza injini nchini mwake. Mwaka uliofuata Diesel aliuza haki zake kwa kampuni mpya kwa mark milioni tatu na nusu. Mwaka huohuo afya yake ilivunjika kwa uchovu na mashaka, akalazwa. Injini za kwanza zilizouzwa zilikuwa zikiharibika mikononi mwa wateja, na malalamiko yalimwangukia yeye.

Alijenga jumba la fahari mjini Munich na kuingiza fedha katika ardhi na hisa, biashara asizokuwa na kipaji nazo. Mwaka wa 1903 alitoa kitabu juu ya wafanyakazi kumiliki viwanda vyao kwa pamoja, akikithamini mno, wasomaji hawakukijali. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900, injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kujipatia nguvu kwa mazao yao wenyewe, na Diesel aliliunga mkono wazo hilo hadi miaka yake ya mwisho.

Mwaka wa 1912 meli Selandia ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa injini za dizeli. Sifa za Diesel zilikuwa kileleni, lakini mfuko wake ulikuwa mtupu, na madeni yalimzunguka bila hata mkewe kujua kiasi chake.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden bandarini Antwerp, akielekea Uingereza pamoja na wenzake wawili kwa shughuli za kiwanda kipya cha injini. Walikula pamoja. Yapata saa nne za usiku aliingia chumbani, akiwa ameomba aamshwe alfajiri. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa, na koti na kofia yake vikakutwa sitahani, vimewekwa vizuri karibu na ukingo. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, tarehe ile ilikuwa imetiwa alama ya msalaba.

Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha mwili baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Martha aliufungua mkoba aliokuwa ameachiwa na mumewe, akakuta fedha taslimu mark 20,000 na hati za madeni.

Magazeti ya siku zile yaliandika juu ya majasusi na wafanyabiashara wa mafuta, lakini hakuna ushahidi uliopata kutolewa, na wengi wa walioandika maisha yake wanaamini kwamba alijirusha. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Meli Dresden ilibadilishwa jina wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikatumiwa na jeshi la majini la Uingereza. Januari 1918, katika Bahari ya Aegean, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikiendeshwa kwa injini za dizeli.