Al-Biruni na Kibula cha Ghazna

Nilipokuwa chuoni, maalim alitufundisha kwamba kibula ni kaskazini, nami nikadhani ndivyo kilivyo kwa kila Mwislamu. Kumbe ni bahati yetu sisi watu wa pwani: Mombasa na Makka zimekaa takriban katika mstari mmoja. Nilikuwa mtu mzima niliposoma habari za Abu Rayhan al-Biruni, nikajua kuwa wenzetu walikitafuta kwa jasho.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, katika nchi iitwayo leo Uzbekistan. Mwaka 997, angali kijana, alipatana na Abul-Wafa wa Baghdad watazame kupatwa kwa mwezi usiku mmoja, kila mtu mjini kwake, na kila mtu aandike saa yake. Mwezi hupatwa wakati mmoja kwa wote. Saa za miji ndizo zinazotofautiana, na saa moja ni digrii 15 za mashariki na magharibi.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka Khwarazm, akamchukua hadi Ghazna, Afghanistan. Hakwenda kwa hiari yake. Mwaka uliofuata alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana chombo cha kupimia jua. Akatwaa ubao wa kuhesabia, akachora tao mgongoni mwake, akaning'iniza timazi, akapima. (Ubao wetu wa chuoni sisi tuliuandikia na kuufuta tu!)

Huko Ghazna ndiko alikolishika swali la kibula. Ukikosea hapo, msikiti mzima waelekea kando. Al-Biruni hakukisia. Alikusanya masafa ya misafara, mji kwa mji, toka Baghdad mpaka Ghazna, akayapunguza kwa kuwa njia hupinda, akayaoanisha na latitudo za miji hiyo. Kwa hesabu hizo akapata longitudo, na mwisho upande wenyewe. Kisha akarudia kwa njia nyingine, aone kama majibu yatapatana. Kitabu chake cha kazi hiyo, Tahdid, alikimaliza mwaka 1025.

Alifia huko huko Ghazna, katikati ya karne ya 11. Husimuliwa kwamba mwanachuoni mmoja alikwenda kumzuru akiwa taabani, naye akamuuliza suala la mirathi ya bibi. Mgeni akastaajabu, lakini akamweleza. Alipotoka, hata hajafika mbali, akasikia kilio nyumbani.