Mwalimu Aliyeiona Sauti Yake

Manuel García alizaliwa Uhispania mwaka wa 1805 katika jamaa ya waimbaji mashuhuri. Yeye mwenyewe hakudumu jukwaani; sauti yake iliharibika angali kijana, akageukia kufundisha uimbaji, kwanza Paris, kisha London. Mwaka wa 1841 alimpokea Jenny Lind, mwimbaji wa Uswidi ambaye sauti yake ilikuwa imechoka kupita kiasi. Hakumpa mazoezi. Alimwagiza kwanza anyamaze kwa majuma kadhaa.

Swali lililomsumbua García ni hili: sauti huanzia wapi hasa? Wataalamu walikuwa wamepasua zoloto za maiti, lakini maiti haimbi. Mwaka wa 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, chenye mpini mrefu, akakichovya katika maji ya moto na kukikausha ili kisifanye ukungu. Akakitia nyuma ya kinywa, akakimulika kwa mwanga wa jua akitumia kioo cha pili cha mkononi. Akaziona nyuzi sauti zake! Alipovuta pumzi zilitengana. Alipoimba zilikaribiana zikatetemeshwa na hewa itokayo mapafuni. (Hapo ndipo penye tofauti ya [b] na [p] katika fonetiki: ya kwanza ni ghuna, nyuzi hutetemeka, ya pili ni sighuna.)

Alipowasilisha matokeo hayo kwa Royal Society ya London mwaka wa 1855, madaktari wengi walimpuuza. Mwalimu wa nyimbo angewafunza nini? Miaka michache baadaye madaktari wa Vienna walikitumia kioo hicho kuchunguza magonjwa ya koo. García alifariki mwaka wa 1906, akiwa na umri wa miaka 101.