Kabla ya Simba Elsa, Joy Adamson Alikuwa Msee wa Brashi

Ukiskia jina Joy Adamson, najua akili inaruka kwa simba. Lakini tulia kiasi. Kabla Elsa ampe umaarufu, huyu mathee alikuwa mchoraji, tena mnoma.

Alizaliwa 1910 mji wa Troppau, Austria-Hungary, leo Opava, Jamhuri ya Czech. Jina lake la kuzaliwa ni Friederike Victoria Gessner. Alitua Kenya 1937. Peter Bally, mume wake wa pili na mtaalamu wa mimea, ndiye alimbandika jina Joy. Bally alisaka mimea, Joy akaichora. Michoro ikaingia kwa vitabu, na 1947 Royal Horticultural Society ya Uingereza ikampa medali ya dhahabu.

By then alikuwa ashaachana na Bally na kuolewa na George Adamson, 1944. George alikuwa afisa wa wanyamapori, base yake Isiolo.

Kisha ikaja tenda kubwa. Serikali ya mkoloni ilitaka achore jamii za Kenya na mavazi yao ya kitamaduni kabla yapotee. Joy alizunguka miaka mingi, akatoa picha mamia: shanga, hereni, ngozi, mapambo ya vita. Leo ukisaka outfit ya ruracio, hizo picha ni hazina. Lakini jiulize: jina la mchoraji unalijua. Wale wazee waliokaa kimya akiwachora, unaweza taja hata mmoja?

1956 George aliua simba jike, wakabaki na watoto wake watatu. Elsa ndiye walimlea, kisha wakamwachilia Meru. Kitabu Born Free kilitoka 1960 na kikabamba dunia nzima. Elsa alidedi 1961, akazikwa huko Meru. Filamu ilitoka 1966, na ilishutiwa hapa tu Naro Moru, Nyeri.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Januari 3, 1980, aliuawa Shaba, Isiolo. Mwanzo watu walidhani ni simba, kumbe ni kisu. Kijana aliyewahi kumfanyia kazi alipatikana na hatia. Majivu yake yakapelekwa Meru, kwa makaburi ya Elsa na duma wake, Pippa.

Ukishuka Nairobi, pitia Makumbusho ya Taifa ucheki hizo picha. Angalia sura vizuri. Huenda mmoja ni guka wa guka yako.