Edward Steere na Kitenzi cha Kusimulia: Kutoka Unguja hadi Masasi

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaingia katika ukasisi. Mwaka 1864 aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa ngano uitwao Swahili Tales.

Kazi hizo mbili hazitenganishiki. Kauli za vitenzi zilizoainishwa katika sarufi zinaonekana zikitenda kazi katika ngano. Mfano mzuri ni kitenzi hadithia, chenye shina moja na nomino hadithi iliyotoka katika Kiarabu. Kwa kuwa kiko katika kauli ya kutendea, kinamdai mtendewa: mtu humhadithia mtu. Kigiriki cha kale kina mytheomai, kitokanacho na nomino mythos, nacho huchukua viambishi vya kauli ya kati, ambayo kwa kawaida humhusisha mtendaji na tendo lake mwenyewe. Umbo la Kigiriki linamwelekea msimulizi. La Kiswahili linamwelekea msikilizaji. Steere ndiye aliyekuwa msikilizaji huyo. Hata hivyo, jina kamili la kitabu chake linawataja wasimulizi kwa jumla tu, kuwa ni wenyeji wa Unguja.

Steere alikusanya pia msamiati wa Kiyao (1871) na wa Kimakonde (1876), lugha za nchi ya Ruvuma, ambako watumwa wengi walitolewa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Mkunazini. Akiwa askofu tangu 1874, Steere aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa mwaka 1876, wakapitia Lindi hadi Masasi, katika Mkoa wa Mtwara wa leo.

Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882. Mwezi uliofuata Wagwangwara waliishambulia Masasi, na baadhi ya waliokwisha kukombolewa wakatekwa tena. Chauncy Maples, mwandishi wa kitabu cha Kimakua cha 1879, alihamishia kazi Newala, juu ya bonde la Ruvuma.

Kiunguja kiliteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo, usanifishaji huo una deni kwa Steere, na kwa wale waliomhadithia.