SITI BINTI SAAD: MUUZA VYUNGU ALIYEIACHA SAUTI YAKE KATIKA SANTURI

Mpwa wangu anayefanya kazi Nairobi hukusanya santuri za rap ya Marekani, zile albamu za zamani zinazochapishwa upya kwa plastiki nzito. Alipokuja kunitembelea hapa Lokori alinionyesha moja, nami nikamwonyesha yangu: vigae vitatu vyeusi ndani ya kanga. Alicheka, lakini nilipomweleza ni sauti ya nani alinyamaza.

Santuri ile niliinunua Mombasa. Niliilinda vizuri mpaka Lokichar, kisha nikapanda lori, na kwa uzembe wangu mwenyewe nikaiweka chini ya gunia la sukari. Santuri za enzi hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ukichukua kama dakika tatu za muziki, na zikiangushwa au kulaliwa huvunjika kama chungu.

Na mwenye sauti ile alivijua vyungu. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa maskini. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavichukua kichwani kwenda kuviuza mjini, akivinadi njiani kwa sauti iliyowafanya watu watoke majumbani. Shule hakuiona. Yapata mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba na mwanamuziki Ali Muhsin. Huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Tangu enzi ya Seyyid Barghash, taarab ilikuwa starehe ya jumba la Sultani na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruku, waliiimba kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida akajisikia ndani yake. Siti hakuimba mapenzi peke yake. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji alitorokea bara, na waliofungwa ni wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu. Wasio na nafasi ya kusema barazani walisemewa na binti wa mfinyanzi.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV, ile yenye chapa ya mbwa, ilimsafirisha yeye na kikundi chake hadi Bombay kurekodi. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa katika santuri. Sauti yake ikaenea pwani na bara, ikafika kwa watu ambao hawakupata kumwona. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake. Marehemu Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, aliziendeleza nyimbo zake.

Hapo ndipo nilipomweleza mpwa wangu tofauti iliyopo. Albamu zake za rap huchapwa upya kutokana na kanda zilizowekwa studio. Siku za Siti kanda hazikuwapo: sauti ilichongwa katika nta, ikatengenezewa kalibu ya chuma, kisha santuri zikachapwa. Kalibu ikipotea, anayetaka kuzitoa upya lazima atafute santuri yenyewe iliyo nzima, aisafishe, aipige kwa sindano inayolingana na mifereji yake, ndipo ainakili. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilitoa kwa sidii mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950. Haikuwezekana bila watu waliokuwa wamezitunza santuri zile.

Basi ndugu msomaji, kama sandukuni mwa bibi yako imo santuri nyeusi, nzito, yenye chapa ya mbwa, usiitupe wala usiwape watoto waichezee. Isimamishe wima, mbali na jua, na umpelekee anayejua kuinakili. Yangu nimeivunja, na huenda upande ule wa wimbo haukubaki kwingine kokote. Iliyo kwako ingali nzima.