A. A. Griffith na Nadharia ya Ufa

Wajenzi wa jadi katika miteremko ya Mlima Meru walichanganya udongo na samadi ya ng'ombe kabla ya kukandika ukuta. Nyuzi za majani zilizomo katika samadi huzuia ufa usienee. Methali nayo huonya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Isichokieleza ni wakati gani ufa huwa wa hatari. Swali hilo lilijibiwa na Alan Arnold Griffith, mhandisi Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1893.

Griffith alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Liverpool mwaka 1914, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika kiwanda cha ndege cha serikali, Farnborough. Huko alichunguza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko inavyotarajiwa kutokana na mshikamano wa molekuli zake. Alivuta nyuzi za kioo na kubaini kuwa kadiri zilivyokuwa nyembamba ndivyo zilivyozidi kuwa imara. Katika makala yake ya mwaka 1921 alihitimisha kuwa udhaifu hutokana na nyufa ndogo zisizoonekana, na kwamba ufa huenea pale tu nishati inayoachiliwa inapotosha kuunda nyuso mpya. Hivyo basi, upo urefu ambao ufa ukiuvuka haukomi tena.

Kwa miaka mingi wahandisi wengi hawakuizingatia nadharia hiyo. Mwaka 1952 ndege za Comet zilianza safari za London hadi Johannesburg kupitia Entebbe. Mwaka 1954 mbili zilivunjika angani. Uchunguzi uliofanyika Farnborough kulekule ulibaini kuwa chanzo kilikuwa ufa ulioanzia pembeni mwa tundu la bodi. Wakati huo Griffith alikuwa Rolls-Royce, alikohamia mwaka 1939 kushughulikia injini. Mmarekani George Irwin ndiye aliyeipanua nadharia yake ili ihusu metali pia. Griffith alifariki mwaka 1963.

Siku hizi kompyuta hugawanya kitu katika vipande vidogo na kukokotoa mkazo wa kila kimoja. Kwa nyenzo mchanganyiko zinazozalisha umeme zinapokandamizwa, nishati ya umeme huongezwa katika mizani ileile ya Griffith. Taaluma ya nyenzo hufundishwa pia Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, kwa Kiingereza. Hata hivyo, maneno ya msingi ya nadharia hii, yaani ufa, mkazo, nishati na uso, Kiswahili kinayo tayari. Kilichobaki ni kuyafafanua kwa usahihi wa kisayansi.