Charles Carroll, Mkatoliki katika Senati ya Maryland

Kati ya watu 56 waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776, Mkatoliki alikuwa mmoja tu, naye ni Charles Carroll wa Carrollton. Wengi wamjua kwa sahihi ile. Sisi tumependelea kusema juu ya kazi yake ndefu katika Senati ya Maryland, alimoketi tangu 1777 hata 1800. Maryland ni jimbo la serkali, si jimbo la Askofu; lina bunge lake na sheria zake.

Alizaliwa Annapolis, tarehe 19 Septemba 1737. Maryland ilianzishwa mwaka 1634 na jamaa ya Wakatoliki, walakini Waprotestanti waliposhika utawala walikataza Misa ya hadharani mwaka 1704, na mwaka 1718 wakawanyima Wakatoliki haki ya kupiga kura. Misa ilisomwa nyumbani mwa watu. Kwa hiyo baba yake, tajiri mwenye mashamba makubwa, akamtuma angali mtoto kwa Wajezuiti wa Saint-Omer, Ufaransa. Baadaye alisoma sheria London. Alirudi mwaka 1765 na elimu hiyo yote, lakini kazi ya uwakili na ya serkali zilikuwa zimefungwa mbele yake.

Mwaka 1773 Gavana alikuwa amepanga malipo ya maofisa wake pasipo bunge kukubali. Daniel Dulany, mwanasheria mwenye sifa kuu, alimtetea gazetini. Carroll akamjibu, akijiita Raia wa Kwanza. Dulany akamkumbusha kwamba Mkatoliki hana ruhusa ya kusema mambo ya utawala. Lakini raia walisimama upande wa Carroll. Mwaka 1776 aliketi katika kamati iliyotunga katiba mpya ya Maryland, nayo ikawapa Wakristu wote ulinzi ulio sawa. Wayahudi walingoja hata 1826.

Katika Senati jaribu lilimjia upesi. Sheria ya 1777 iliruhusu madeni ya zamani yalipwe kwa noti za karatasi zilizokwisha kupungua thamani. Jamaa ya Carroll walikuwa wakopeshaji wakubwa, na baba yake aliwaka hasira. Carroll aliipinga sheria ile, akashindwa, akabaki kitini pake. Hasara ile aliihesabu kuwa bei ya uhuru. Mwaka 1789 alichaguliwa pia katika Senati ya nchi nzima. Ilipokatazwa kushika viti viwili, mwaka 1792, alikiacha kile kikubwa, akabaki na cha Maryland. Wangapi wangalichagua hivyo?

Juu ya watumwa hatuwezi kunyamaza. Mwaka 1797 alipeleka katika Senati mswada wa kuwaachilia polepole watumwa wa Maryland, nao haukupita. Walakini mashambani mwake mwenyewe mamia ya watu weusi walibaki watumwa, na kwa kuwafungua hao hakuhitaji kura ya mtu. Yeye aliyeonja ubaya wa sheria za kubagua aliishi kwa jasho lao. Katika uzee wake aliongoza chama kilichowapeleka Weusi walio huru Liberia, Afrika, kana kwamba kwao Maryland hapakuwa na nafasi.

Tarehe 4 Julai 1828 aliweka jiwe la kwanza la reli ya Baltimore na Ohio. Alikufa Baltimore tarehe 14 Novemba 1832, mwenye miaka 95, wa mwisho wa wale 56, akazikwa katika kanisa dogo la shamba lake la Doughoregan.